Madawati ya Mwaka wa Nne

Matokeo ya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kumwelekeza mtoto masomo ya sekondari, yalipotoka na binti yangu akaonekana amefaulu, kila mwenye mdomo hapa Kaniama, Kongo, aligeuka mshauri wetu. Mama yake alitaka pedagojia, tena hapa hapa nyumbani. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure, madarasa yamefurika, na mwalimu hakosi wa kumfundisha (mshahara ni habari nyingine). Mjomba wake wa Lubumbashi akapiga simu: mleteni, aingie Lycée Tuendelee kama watoto wa watu. Binti mwenyewe alitaka umeme.

Shule ya msingi ni bure, sekondari ina minervale, yaani ada. Humanite, yaani sekondari ya juu, ni miaka minne, mwishoni kuna Egzetat, mtihani wa taifa ulioanzishwa mwaka 1967, ambao ndio mlango wa chuo kikuu. Mtoto akishaanza opsyoni moja, yaani mchepuo, kuihama katikati ni kupoteza mwaka. Kwa hiyo nilisema: twende mjini Kamina tukazione shule zenyewe, maneno ya watu baadaye.

Tulipanda lori la mahindi. Ni zaidi ya kilomita 150, na mwezi wa nane mchanga umekauka, nyasi zimechomwa pande zote, abiria juu ya magunia wanafanana wote kwa vumbi. Reli ipo karibu, lakini lori huondoka likijaa, na lile lilikuwa limejaa. Mama mmoja muuza mahindi alianza kusimulia habari za kuluna, wale vijana wa magenge ambao tangu 2020 wanatolewa Kinshasa na kuletwa Kaniama-Kasese, kwenye kambi ya Service National, wafundishwe kulima, useremala na ujenzi. Binti yangu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Baba, wao wanaletwa kwetu kujifunza ufundi. Mimi naupandia lori."

Sikuwa na jibu. Nilimfunga kitambaa vizuri puani.

Kamina tulifikia kwa shangazi yake, dada yangu mkubwa. Bukari, sombe, samaki wakavu kutoka Bukama, na kabla ya kunawa mikono tayari alikwisha kutupangia shule: ya masista, yenye ukuta mrefu na jina zuri. Tulianzia huko. Prefe, mkuu wa shule, alitupokea kwa heshima na kututajia asilimia ya waliofaulu Egzetat, asilimia ya kumfanya mzazi atoe pesa papo hapo. Nikamwomba tuyaone madarasa. Ilikuwa likizo, yalikuwa matupu. La mwaka wa kwanza lilikuwa na madawati hadi mlangoni, unapita kwa ubavu. La mwaka wa nne, lenye ukubwa ule ule, ungeweza kutandika mikeka katikati ukalaza wageni.

"Wengine wanakwenda wapi, ma sœur?"

Sista aliyeshika funguo hakuficha. "Minervale, papa. Wengine ndoa. Wengine wanakaa kwa ndugu, halafu ndugu anachoka."

Asilimia huhesabiwa kwa waliokaa kwenye mtihani. Waliotoka njiani hawamo. Tangu hapo, kila shule tuliyoingia niliomba kwanza nionyeshwe darasa la mwisho, na maprefe wawili hawakulipenda ombi hilo.

Kwenye shule ya ufundi madawati ya mwaka wa nne yalikuwa mengi kidogo, ila mabovu. Pale muulizaji hakuwa mimi. "Papa prefe, praktiki wanafanyia wapi?" Prefe akamtazama, akanitazama, akatufungulia chumba chenye ubao uliofungwa swichi, nyaya na taa, jenereta kuukuu na paneli moja ya jua. "Na mafuta ya jenereta nani ananunua?" Mzee akacheka: wazazi. Akaongeza kwamba wasichana katika opsyoni ile wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kwamba mmoja wao ndiye aliyeitengeneza taa ya ofisi yake. Binti yangu alikwisha kuinama chini ya ubao anafuata waya.

Tuendelee, ile ya mjomba, ni shule kubwa, sibishi. Lakini Lubumbashi ni mbali, na mjomba ana watoto wake sita katika vyumba viwili. Maneno ya sista yalikuwa bado masikioni: ndugu anachoka. Kwa hiyo jioni ile mazungumzo yenye uzito hayakuwa na prefe yeyote, yalikuwa na dada yangu. Atalala wapi? Atachota maji mara ngapi kabla ya shule? Taa ya kusomea usiku ni ya nani? Akiugua?

"Unanihoji kama polisi," dada akasema.

"Nakuhoji kwa miaka minne, yaya."

Akaomba magunia mawili ya mahindi kila muhula. Tulikubaliana moja na nusu, pamoja na bidoni ya mafuta ya mawese, na maji watachota kwa zamu na watoto wake wa kiume.