Safu Isiyokuwapo

Nilipoanza masomo ya uhandisi wa ujenzi, moyo wangu ulikuwa kwenye madaraja. Somo la uhandisi wa usafirishaji nililiona dogo. Nilijiuliza ni fahari gani aipatayo mtu aketiye kando ya barabara akihesabu magari.

Mwaka wa tatu tukatumwa kufanya kazi hiyo hiyo. Mimi na wenzangu wawili tuliketi mahali ambapo barabara ya Rutshuru na Kibumba huingia mjini Goma, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Karatasi yetu, iliyonakiliwa katika kitabu cha ng'ambo, ilikuwa na safu nne: magari madogo, mabasi, malori na pikipiki. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa mengi. Kutokana nayo mhandisi hukadiria upana wa barabara, na kwa kujua uzito wa malori hupanga unene wa tabaka zake. Majaribio yaliyofanywa Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibeba uzito maradufu, huidhuru barabara si mara 2, bali takriban mara 16.

Tulipopeleka kazi yetu, mwalimu aliitazama kwa kitambo, kisha akauliza kwa upole: "Chukudu ziko wapi?" Tukajibu kwamba karatasi haikuwa na safu yake. "Na waendao kwa miguu?" Hao nao hawakuwa na safu. Akaturudishia karatasi, akasema: "Asiyehesabiwa hajengewi."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Baba yangu amesukuma chukudu kwa miaka mingi, akishuka kutoka Kibumba na kabichi na viazi, na jioni akiupanda mlima kwa miguu. Karo yangu ilitoka katika magurudumu yale mawili ya mbao. Tena siku ile ya kuhesabu, yeye mwenyewe alipita mbele yetu. Aliniinulia mkono. Nami, kwa kuwaonea wenzangu haya, niliinamisha kichwa juu ya karatasi. Kitabu cha ng'ambo hakikuniamuru kufanya hivyo.

Juma lililofuata tulirudi na karatasi mpya, yenye safu ya chukudu na ya waenda kwa miguu. Kisha nikamwomba baba anionyeshe njia yake. Tulitembea pamoja, naye akanionyesha kila mahali anapoogopa. Breki yake ni kipande cha tairi akikanyagacho juu ya gurudumu la nyuma. Darasani nilikuwa nimejifunza kwamba mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara 4, na kwenye mteremko huzidi hapo. Baba hakuijua kanuni hiyo kwa maandishi, lakini aliijua kwa miguu yake. Penye kona moja alisimama, akasema: "Hapa, mwanangu, lori likinijia nyuma, sina pa kwenda ila mtaroni."

Katika kazi yetu ya mwisho tulipendekeza ukingo mpana na mgumu kando ya njia, kwenye miteremko kwanza. Tulipata alama nzuri. Barabara haijabadilika, na baba angali anashuka. Lakini tangu siku ile sioni tena kwamba somo lile ni dogo. Daraja huonekana na kusifiwa. Hesabu huamua nani atapata nafasi ya kupita salama.

Jioni ile nilimwomba baba msamaha kwa kutomwitikia mkono wake. Aliendelea kukaza kamba ya mzigo, kisha akanijibu: "Niliona una kazi."

Ndugu vijana, kila kikundi chetu kina karatasi yake: orodha ya wanachama, ya wanaoalikwa, ya wanaoulizwa maoni. Kabla ya kuijaza, tuulizane ni nani asiye na safu. Na tujiulize pia kama yeye hakuwahi kutuinulia mkono.