Mazuku, ziwa na makatazo ya koko

Mtu wa Bukavu akikuambia kwamba hajui ziwa, ujue anakudanganya. Mji wetu umejengwa juu ya vidole vya nchi vinavyoingia ndani ya maji. Ukishuka Nguba, ukishuka Muhumba, ukishuka Nyalukemba, mwisho wa njia ni ziwa. Sisi watoto wa miaka ya 1980 tulijifunza kuogelea mbele ya kujifunza kusoma. Tulienda na mabidon kuchota maji, na kabla ya bidon kujaa tulikuwa tumekwisha kuvua nguo.

Kwetu nyumbani, koko yangu, mama mzaa mama, alikuwa na makatazo yake juu ya ziwa. Mtoto asiende kuogelea saa sita za mchana. Asiende peke yake. Asiingie fasi ambapo hajaona mwenyeji ameingia. Akifika pwani ya ugenini, asalimie kwanza wakubwa anaowakuta pale, ndipo aulize maji. Na akiona ndege au samaki amekufa bila kidonda, asimguse, arudi nyuma. Tulimuuliza: "Koko, juu ya nini?" Alijibu: "Juu mi nimesema. Ziwa haikuzoee weye, ni weye utaizoea."

Nilipomaliza masomo nikawa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Nakiri leo mbele yenu kwamba nilikuwa nikiyacheka makatazo yale darasani. Niliwaambia wanafunzi: haya ni mambo ya wazee, hayana msingi. Kisha niligeuka ubaoni na kuandika fomula ya gesi ya kaboni, ile CO2, nikaeleza kwamba ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na kwamba mshumaa unazimika ndani yake. Wanafunzi waliandika, na mimi niliona nimefundisha.

Mwaka 2009, mwezi wa nane, wakati wa likizo kubwa, nilifunga safari ya kwenda Goma pamoja na mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 14. Alikuwa amefaulu mtihani, nami nilikuwa nimemwahidi kumwonyesha Lac Vert, ziwa dogo lililo ndani ya mdomo wa volkano ya zamani, upande wa Mugunga, katika njia ya kwenda Sake. Mama alitusindikiza mpaka bandarini. Akaniambia neno moja tu: "Huyu namuweka mu mikono yako." Tukapanda kano rapide, tukapita kando ya Idjwi, na mchana tulikuwa Goma.

Kwa mtu aliyezoea udongo mwekundu wa Bukavu, nchi ya Goma ni ya kushangaza. Mawe meusi kila mahali, kuta za mawe meusi, njia za mawe meusi, na vijana wakishuka na chukudu zilizojaa makala na viazi. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulikuwa bado unaonekana katikati ya mji: nyumba zilizojengwa juu ya nyumba. Tulipokelewa Mugunga na mama mmoja, rafiki wa zamani wa familia yetu, mjane aliyekuwa akilima maharagwe katikati ya mawe yale.

Jioni ile, tukila sambaza na ugali, nilimwambia kwamba kesho tutaamka mapema twende kuzunguka Lac Vert kwa miguu, kisha tuogelee. Akaweka sahani chini. Akasema: "Mwalimu, mungojee jua itoke vizuri. Musishuke mu mashimo asubuhi. Mazuku iko."

Neno mazuku nilikuwa nimelisikia, kama mtu anavyosikia habari za mizimu. Niliitika kwa heshima, "Ndiyo mama," lakini moyoni nilisema: ni koko mwingine huyu. Kumi na mbili ya asubuhi, mama akiwa bado ndani, tulitoka. Mtoto wake mkubwa, kijana wa miaka ishirini na kitu, alituona na kutufuata mbio.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Ziwa Kivu, na kutoka mbali tulisikia wavuvi wakirudi, wakiimba kwa kufuata makasia, mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu na miti mirefu ya nyavu ikitokeza mbele na nyuma. Tulipanda ukingo wa volkano na kuliona ziwa lile chini: maji ya kijani, yametulia kama yaliyo ndani ya bakuli, na kuta za majani zimeyazunguka. Upande wa pili wa ukingo ni Ziwa Kivu lenyewe. Unasimama juu ya mgongo mwembamba wa nchi, kulia maji, kushoto maji, na rangi zao mbali mbali.

Tulipokuwa tukirudi kwa njia ya mkato, mdogo wangu alikuwa mbele. Pembeni ya njia kulikuwa na shimo pana, si refu, pengine mtu akisimama ndani lingemfika kifuani, majani yake mazuri kabisa. Ndani alilala ndege. Mdogo wangu alisema, "Yaya, angalia!" akaruka ndani na kuinama amwokote. Hakuinuka tena. Alianguka taratibu, kama mtu aliyechoka.

Nilipiga mbio kumfuata. Kijana yule alinivuta shati mpaka likapasuka. "Mwalimu, acha! Mutakufa wote wawili!" Akavuta pumzi nyingi, akafunga mdomo, akaingia amesimama wima, kichwa juu, kama mtu anayepita mtoni. Akamshika mtoto kwa mkono mmoja bila kuinamisha uso, akamburuta mpaka njiani. Mambo yote hayo hayakumaliza hata dakika moja. Kwangu mimi yalikuwa marefu kuliko safari ya kutoka Bukavu.

Tulimlaza juu ya mawe, fasi ya juu. Alianza kuhema kwa nguvu, kisha akatapika, kisha akalia kwamba kichwa kinamuuma. Akapona. Kijana yule, mikono bado ikitetemeka, alikusanya majani makavu, akawasha kiberiti, akayafunga juu ya fimbo na kuyashusha polepole ndani ya shimo. Moto ulipofika chini kidogo ya ukingo, ulizimika, kana kwamba umezamishwa mu maji. "Njo hii mazuku," akasema. "Wenyeji tunaijua. Wageni njo banakufaka."

Mimi, mwalimu wa kemia, nilisimama pale mbele ya somo langu mwenyewe. Yale yote niliyokuwa nimeandika ubaoni yalikuwa ndani ya shimo lile, na sikuyatambua. Gesi ya kaboni inatoka chini ya ardhi ya volkano kupitia nyufa za mawe. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni kama maji yanavyojaa bakuli. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inabaki pale. Jua likipanda na upepo ukiamka, mara nyingi inapungua. Kwa hiyo mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama fasi ambapo mbuzi, mbwa au mtoto aliyeinama anakufa. Maneno ya mama yule, "mungojee jua itoke", yalikuwa kanuni kamili. Hata wataalamu wa volkano leo katika maandishi yao ya kigeni wanatumia neno lile lile, mazuku. Wamelikuta kwetu.

Siku ile ile ya pili alasiri, mama alitupeleka yeye mwenyewe pwani ya Ziwa Kivu, fasi ambapo wanawake wanafua na wavuvi wanaanika sambaza. Alisalimia wazee, akauliza maji, ndipo akaniambia: "Sasa ingia." Niliogelea. Mdogo wangu alikaa juu ya jiwe akiniangalia, na kwa mwaka mzima hakuingia ziwani tena, hata hapa Bukavu.

Tangu hapo nilianza kusoma habari za ziwa letu. Wataalamu wanasema zamani maji ya upande huu yalikuwa yakielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Maji yakapanda, na ndipo yalipotoka kusini, hapa hapa Bukavu, kwa mto Ruzizi, kuelekea Tanganyika. Kwa hiyo ziwa letu pia ni mtoto wa volkano. Liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kina chake kinafika karibu mita 485. Chini kabisa limebeba gesi nyingi mno: kilomita za ujazo kama 300 za gesi ya kaboni na kama 60 za metani. Gesi hiyo imekandamizwa na uzito wa maji ya juu, ndiyo maana tunaogelea bila neno. Wenzetu wa Rwanda wanaitumia metani hiyo kutengeneza umeme kule Kibuye tangu miaka ya 2015 na 2016. Lakini tukumbuke ziwa Nyos la Cameroun, nalo ni ziwa la mdomo wa volkano: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa gesi yake kwa ghafula, na watu zaidi ya 1,700 walikufa. Na mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena, wakaaji wengi wa Goma waliamriwa kuondoka kwa hofu ya moto kupita chini ya ziwa. Wengi walikimbilia kwetu Bukavu.

Sisemi kwamba kila katazo la wazee ni sayansi. Nimeyafikiria ya koko moja moja. Lile la saa sita za mchana halina gesi ndani yake. Nadhani saa hiyo wakubwa walikuwa sokoni na mashambani, na mtoto akizama hakuna wa kumtoa. Lile la ndege aliyekufa bila kidonda, hilo ni mazuku waziwazi, na sijui koko alilipata kwa nani, yeye ambaye hakuwahi kuishi Mugunga. Nilitaka kumuuliza, lakini nilikuwa nimechelewa. Alizikwa mwaka 2006. Mama naye nilimficha habari ile miaka minne. Nilipomweleza, hakunigombeza. Alisema tu: "Koko yako alikuambia."

Ndilo jambo ninaloliandikia. Kati ya mwaka 2022 na mwanzo wa 2025, makambi makubwa ya watu waliokimbia vita yalijaa kandokando ya Goma, hata Bulengo na Lac Vert. Watoto waliotoka milimani, ambako neno mazuku halisemwi, walilala juu ya mawe yale yale. Nani aliwaambia wangojee jua? Desturi inapopotea, si ngoma na mavazi tu vinavyopotea. Yanapotea pia maneno yanayomzuia mtoto asishuke shimoni.

Kwa hiyo naomba walimu wenzangu: siku ya kufundisha gesi ya kaboni, andikeni fomula ubaoni, lakini pembeni yake andikeni mazuku. Naomba wazazi: mkikataza, elezeni sababu ikiwa mnaijua. Na wewe kijana unayependa kutembea na kuogelea, nenda, uone nchi yako ni nzuri namna gani. Ukifika pwani ya ugenini, salimia kwanza wakubwa, uulize maji.

Mdogo wangu leo ni baba wa watoto wawili. Wanaogelea Muhumba, naye anakaa juu ya jiwe anawaangalia. Saa sita za mchana anawatoa.