Kabuti la Keya: ni la vita kweli?

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Ngong, ukafika Dagoretti Corner na kupinda kulia kushika Barabara ya Naivasha, utaingia Riruta na hatimaye ufike Kabiria. Mwezi wa Julai baridi ya huku hupenya hadi mifupani, ndiyo maana kabuti zito la sufu halijawatoka watu machoni. Utaliona kwa bawabu langoni, utaliona kwa mzee aendaye kanisani alfajiri, na utaliona limetundikwa kwa wauza mitumba wa Kawangware, hapo jirani.

Muuzaji akikuapia kwamba kabuti lake ni "la vita vya Burma", je, utamsadiki?

Swali hili si la mzaha. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wakenya zaidi ya 90,000 walilitumikia jeshi la Uingereza, wengi wao katika King's African Rifles, kikosi ambacho wazee wetu walikiita Keya. Walipigana na Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alikuwa Burma. Bildad Kaggia, mzaliwa wa Dagoretti hii hii, alilitumikia jeshi hadi Mashariki ya Kati na Uingereza, kabla ya kuwa miongoni mwa wale sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Kwa hiyo kabuti lililokunjwa sandukuni mwa nyanya yako huenda likawa ushahidi wa historia, na ukiliuza kwa bei ya mtumba halirudi tena. Vilevile, ukinunua kwa bei ghali nguo iliyoshonwa juzi, umepunjwa.

Basi ulichunguze vipi? Usihangaike na sura ya nje, kwani rangi na mikato huigwa kwa urahisi. Ligeuze ndani.

Tafuta lebo kwanza. Kabuti la Kiingereza la wakati wa vita huwa na lebo yenye jina la vazi, namba ya saizi, kimo na upana wa kifua, jina la mshonaji na mwaka. Karibu yake hupigwa muhuri wa mshale mdogo pamoja na herufi W na D. Nguo zilizotoka Afrika Kusini zina mshale ndani ya herufi U. Lakini mshale peke yake hautoshi, maana Waingereza waliendelea kuutumia hata baada ya vita.

Ukikuta namba ndefu ya tarakimu 13 inayoanza na 8405 au 8415, jua hilo si la vita. Ni namba ya bohari ya nchi za NATO, muungano ulioanzishwa mwaka 1949. Tarakimu mbili zinazofuata hizo nne hutaja nchi: 99 ni Uingereza, 12 ni Ujerumani. Vazi kama hilo ni la jeshi kweli, ila umri wake si ule unaoambiwa. Alama za pasi na beseni la kufulia, au neno poliesta, pia ni mambo ya baada ya vita.

Pili, chomoa uzi mmoja uliolegea pindoni, uuchome mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Uzi wa kisasa huyeyuka ukawa kijidonge kigumu. Tatu, sogeza sumaku kwenye vifungo. Shaba nyeupe au ya njano haivutwi, lakini chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa mara moja.

Mwisho, angalia palipochakaa. Nguo iliyovaliwa huisha kwenye kola, viwiko, ncha za mikono na midomo ya mifuko. Ikiwa imechakaa sawasawa kote, pengine imesuguliwa kwa msasa ili ionekane kuukuu.

Neno la tahadhari, hasa kwenu wanafunzi: sheria za Kenya zinakataza raia kuvaa sare za jeshi. Usije ukajitembeza mjini na koti la madoadoa ukidhani ni fasheni.

Hata hivyo, sumaku na kiberiti vitakuambia umri wa nguo tu. Havitakuambia nani aliivaa. Hilo linajulikana kwa cheti cha kuachishwa jeshi, namba ya askari, picha ya zamani, au kinywa cha mtu aliyemfahamu. Kama kwenu kuna kabuti la namna hii, muulize nyanya leo, uandike jina, namba na kikosi, kisha uweke karatasi hiyo mfukoni mwa kabuti lenyewe. Halafu siku moja wapeleke watoto kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Ngong. Wasome majina ya wale ambao makabuti yao hayakurudi nyumbani.