Pedali Yangu Ilivyoniumbua Ukumbini

USIOMBE yakukute! Mwaka 2019 nilimtengenezea mshikaji wangu pedali ya gita, ile ya kukwaruza sauti, mfano wa Fuzz Face iliyotoka London mwaka 1966. Ndani hamna mambo mengi: transista 2, kapasita na rezista chache. Nyumbani nikaijaribu kwa betri ya volti 9. Weee, sauti bomba! Nikaanza kutembea mabega juu.

Mshikaji alikuwa kwenye majaribio na bendi moja hapa Dar. Jumamosi akapanda jukwaani, akachomeka adapta badala ya betri. Akakanyaga pedali: mmmmmm! Mngurumo kama friji bovu. Kila akiacha kupiga, ndio unazidi kusikika. Watu wakacheka, kiongozi akamtolea macho. Wiki iliyofuata hakuitwa.

Mimi je? Nikasingizia ukumbi! "Kaka, umeme wao mchafu," nikamwambia. Naye akaamini.

Lakini roho ilinisuta. Nikaifungua. Kwa betri kimya, kwa adapta kelele. Adapta za bei poa hutoa umeme usiotulia, wenye mawimbi, ila kapasita ya kuyachuja nilishaiweka. Sasa yanapitia wapi?

Kumbe kosa lilikuwa kwenye ardhi, yaani ile njia ya shaba inayorudisha umeme upande wa hasi. Mimi niliichukulia kama jalala: kila kitu tupa huko. Nilichora mstari mmoja mwembamba, ukaanzia tundu la adapta, ukapita jeki ya gita, transista na taa, ndipo ukafika kwenye kapasita ya kuchuja. Mawimbi yote yakawa yanarudi kwa kupita mlangoni kwa gita!

Shaba nayo ina ukinzani. Mstari wa upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10, kwenye kibao cha kawaida, ni kama ohmu 0.05. Pitisha miliampia 10, unapata nusu milivolti. Utasema ni kitu gani hicho? Gita lenyewe hutoa kama milivolti 100 tu, na pedali ile kazi yake ni kukuza mara mia na zaidi. Kale kanusu kanageuka simba.

Nikachora upya. Hasi ya adapta nikaipeleka moja kwa moja kwenye mguu wa kapasita ya kuchuja. Kutoka hapo nikatawanya njia kama nyota: taa na yake, jeki ya kutolea sauti na yake, gita na transista na yao, nene, bila kuchangia na mtu. Boksi la alumini nikaliunganisha sehemu moja tu. Nikachomeka adapta. Mngurumo kwisha!

Jumapili nikaenda kwa mshikaji, pedali mkononi. Nikamwambia ukweli: ukumbi haukuwa na kosa, kosa langu. Akanyamaza weee. Kisha akasema, "Ungesema siku ileile, ningemweleza kiongozi."

Nikaishiwa maneno.

Pedali aliichukua, na anaitumia mpaka leo kwenye bendi nyingine. Mimi siku hizi sitoi kazi bila kuijaribu kwa adapta. Na nikiboronga, nasema palepale.