Weupe wa Barafu ya Kaskazini

Ndugu msomaji, uvaapo shati jeusi mchana wa jua kali, mgongo wako hutambua upesi tofauti yake na shati jeupe. Jeupe hurudisha mwanga, jeusi huumeza. Jambo hilo hilo, kwa ukubwa wa bahari nzima, liliwapeleka wanasayansi kaskazini ya Alaska mwezi Oktoba 1997.

Huko hakuna nchi kavu. Meli ya Kanada iitwayo Des Groseilliers iliachwa kwa makusudi igandiwe na barafu ya Bahari ya Beaufort, ikachukuliwa nayo mwaka mzima. Katika majira ya joto jua halitui. Huzunguka angani usiku na mchana.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza, ngumu kuitenda. Juu ya barafu uliwekwa mstari wa meta 200. Kila baada ya meta mbili na nusu mpimaji alisimama, akapima mwanga ushukao kutoka juani, kisha mwanga urudio kutoka chini. Alipolinganisha viwili hivyo, alijua barafu imerudisha kiasi gani. Kisha akasogea mbele, akapima tena.

Mwezi Aprili 1998, theluji ikiwa bado kavu, zaidi ya asilimia 80 ya mwanga ilirudi angani. Mwishoni mwa Mei theluji ilianza kuyeyuka, yakatokea madimbwi ya rangi ya samawati. Kufikia Agosti, wastani wa mstari ule ulikuwa umeshuka hadi asilimia 40 hivi. Bahari iliyo wazi hurudisha chini ya asilimia 10.

Hapo ndipo penye hatari. Barafu ikiyeyuka, weusi huongezeka. Weusi ukiongezeka, joto humezwa. Joto likimezwa, barafu huyeyuka zaidi. Ni deni lizaalo riba. Mwezi Septemba 2012, setilaiti zilionyesha barafu imepungua hadi kilometa za mraba milioni 3.4 hivi, eneo dogo kuliko yote tangu zilipoanza kuipima mfululizo mwaka 1979.

Barafu ieleayo, kama ile ya ndani ya bilauri, ikiyeyuka haiinui maji kwa kiasi cha kutajika. Lakini joto linalomezwa mahali pake huongeza joto la dunia yetu sote.

Basi, ndugu msomaji, usikiapo habari za barafu ya kaskazini, usiulize tu imebaki kiasi gani. Uliza pia ni nyeupe kiasi gani.