Mipaka ya Kumbukumbu

Ukarimu na tahadhari ni ndugu wawili wasiopendeza kutengana. Mwenyeji asiye na ukarimu hapati mgeni, na mwenyeji asiye na tahadhari hukosa nyumba. Katika ufundi wa kompyuta maneno haya, mwenyeji na mgeni, yana maana yake maalumu. Kompyuta moja yenye nguvu huweza kugawanywa kwa programu ikawa mfano wa kompyuta nyingi. Ile ya chuma huitwa mwenyeji. Zile za kuigizwa huitwa wageni. Kila mgeni huona kuwa ana kumbukumbu yake na diski yake, ilhali vyote ni karadha ya mwenyeji. Kwa njia hii benki, hospitali na duka huweza kukaa katika chuma kimoja bila kujuana.

Fikira hii si changa. Kampuni ya IBM ilikwisha kuitumia Marekani katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliyaandika masharti yake. Mfano ufanane na asili. Kazi isipungue kasi mno. Na msimamizi awe na mamlaka kamili juu ya mali inayogawanywa. Sharti la tatu ndilo roho ya mengine. Mgeni akiweza kuandika katika kumbukumbu asiyopewa, ukuta baina yake na jirani huwa ni rangi tu iliyopakwa hewani.

Mei 2015 ilidhihirika kwamba sharti hilo lilikuwa limevunjika kwa muda mrefu. Programu iitwayo QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, huigiza vyombo vya kompyuta kimoja kimoja. Miongoni mwa vyombo hivyo ni kidhibiti cha disketi, chombo ambacho watu wengi walikuwa wamekwisha kukisahau. Ndani ya msimbo wa kidhibiti hicho mtafiti Jason Geffner aligundua kasoro iliyokuwamo tangu 2004. Ilipewa jina VENOM, neno la Kiingereza lenye maana ya sumu ya nyoka. Xen na KVM zilidhurika pia, kwa kuwa zilikuwa zimeazima msimbo ule ule.

Kasoro yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Kidhibiti kina kisanduku cha kumbukumbu chenye nafasi 512, kila nafasi ya baiti moja. Mgeni hutuma amri, baiti baada ya baiti, na kidhibiti huhesabu. Amri ikitimia hutekelezwa, na hesabu hurudishwa mwanzo. Lakini kwa amri mbili hesabu haikurudishwa ipasavyo. Mgeni mwenye hila aliweza kuendelea kutuma, na baiti ya 513 iliandikwa nje ya kisanduku, juu ya mali ya mwenyeji. Mwenye nia mbaya angeweza kumwangusha mwenyeji, au kumfanya amtii mgeni wake.

Yamkini mtu atasema kwamba dawa ilikuwa kukizima chombo kisichotumiwa. Wasimamizi wengine walikwisha kufanya hivyo. Lakini katika QEMU na Xen, kwa sababu ya kosa jingine, msimbo wa kidhibiti uliendelea kuwa hai hata disketi ilipoondolewa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa maandishi tu. Aidha, msimbo huo ulikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuusoma, na miaka kumi na mmoja ilipita. Uwazi huruhusu macho kuona, hauyalazimishi kutazama. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Marekebisho yalikuwa mistari michache, na ndani yake mna hekima. Mafundi hawakutosheka na kuzisahihisha zile amri mbili, maana kesho ingeweza kuzuka ya tatu. Waliweka sheria mahali pa kuandikia na kusomea: kabla ya kukigusa kisanduku, hesabu igawanywe kwa 512, na baki ndilo liwe nafasi. Hesabu ikifika 512 baki ni sifuri, na baiti huangukia nafasi ya kwanza. Mgeni akikosea, ataharibu maneno yake mwenyewe. Mali ya jirani haitaguswa. Ubora wa dawa hii ni kwamba haimtaki mgeni awe mwema, wala haimtaki fundi wa kesho awe mkamilifu.

Hata hivyo, kuandika dawa si kuponya. Programu inayokimbia hukimbia kwa msimbo ulioingizwa katika kumbukumbu siku ilipowashwa. Kwa hiyo iliwapasa wasimamizi kuzima kabisa kila kompyuta ya kuigizwa na kuiwasha upya, au kuihamishia kwa mwenyeji aliyekwisha kurekebishwa. Aliyepokea dawa bila kufanya hivyo alikuwa na afya kabatini na ugonjwa mwilini.

Mwenye hasara katika jambo kama hili aghalabu ni mtu asiyejua kwamba lipo. Mgonjwa ambaye cheti chake kimetunzwa katika chuma hicho huenda hajapata kuona disketi, wala hajui jirani zake ni akina nani. Amani yake hutegemea fundi asiyemjua, aliyeuliza swali dogo juu ya baiti moja: je, imo ndani ya mpaka? Swali hilo halina fahari. Lakini lisipoulizwa kila mara, ukarimu wa mwenyeji hugeuka kuwa khiana kwa wageni wake.