Mafuta mahali si pake

Wengi wenu mnanijua kwa habari za barabara ya Sake na bei ya makala. Leo naandika juu ya chuma cha kuchezea dansi kilicho katika kiwanja chetu hapa Goma, na juu ya kosa langu.

Mwanzo wa 2024, vita vilipokaribia Sake, tulipokea mama mmoja na watoto wake wanne. Binti mkubwa ana miaka 17. Kwao alikuwa katika kundi la vijana wa dansi. Hapa akaanza kufuata video za simu za wale wanaopanda chuma, wanazunguka nacho, wanaganda juu kichwa chini. Majirani wakasema hayo ni mambo ya nganda. Mama yake akawajibu kwamba tangu wafike, mtoto huyu alikuwa akikaa kutwa bila kusema neno, na sasa anacheka. Mimi nami sikuwa na la kuongeza.

Wenye nyumba za zege hukaza chuma kati ya sakafu na dari. Nyumba yetu ya mbao isingeweza. Fundi wa kuchomelea akasimika bomba nene nje, katikati ya mawe ya volkano, kwa sementi. Juu yake akavika bomba jingine la zinki, la inchi moja na nusu, linalozunguka kwa beringi mbili za gurudumu la pikipiki, moja chini na moja juu.

Vumbi letu jeusi mnalijua. Baada ya miezi michache chuma kikaanza kulia na kukwama. Asubuhi moja, nikiwa na haraka ya kwenda redioni, nikachukua grisi ya pikipiki nikapaka pale chini kinapolia. Iliyobaki mkononi nikaipitisha juu ya bomba lote, nikidhani nazuia kutu, kisha nikafuta kwa kitambaa kikavu. Kwa macho, kilikuwa safi.

Jioni binti akapanda. Alipopita kimo cha kichwa changu mikono ikaachia, akashuka wote, kifundo cha mkono kikateguka. Kwa wiki tatu mama yake alichota maji peke yake.

«Yaya, ulipaka nini?» aliniuliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo liliniuma.

Fundi alipokuja hakunisemesha sana. Alifungua, akatoa beringi ya chini: mchanga mtupu. Ile grisi yangu ya nje haikufika kwenye goroli hata kidogo, ilikamata vumbi tu. Akaiosha kwa petroli mbali na jiko, akaikausha vizuri, akatia grisi mpya kidogo, bila kuijaza, kwa sababu ikijaa hutoka na kushuka kwenye bomba. Ya juu ni ya aina iliyofungwa pande zote. Hiyo haitiwi kitu. Ikianza kulia, inabadilishwa. Pale chini akafunga kipande cha mpira wa tairi la ndani kuzuia vumbi na mvua.

Bomba lenyewe tulilifuta kwa spiriti ya dawa, mara tatu, kila mara kwa kitambaa kipya, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mchezaji hushika chuma kwa ngozi yake, na kwa hiyo hata mafuta ya kujipaka mwilini ni hatari. Binti sasa hajipaki siku ya mazoezi, na miguu yake inapauka. Wadogo zake wanamcheka. (Nimesoma kwamba India wana mchezo wa mallakhamb, ambao nguzo yake ya mbao hupakwa mafuta ya nyonyo makusudi. Sawa, lakini wale wamejifunza hivyo tangu utoto.)

Kabla ya kupanda, tunatikisa chuma pande zote, tunasikiliza, tunaangalia pale kilipochomelewa kama pana ufa. Kisha ananing'inia kidogo, miguu karibu na ardhi. Kikicheza upande, hakuna kupanda siku hiyo, hata akinuna.

Jumapili iliyopita alipanda tena mara ya kwanza. Mama yake aligeuka akaangalia sufuria. Mimi nilisimama chini, nimeshika ncha ya godoro.